Ua la Naivasha lisilouzwa: Yungiyungi, mafunjo na maua mengine ya kienyeji yanayotunza maji

KILA mwezi wa Februari unapokaribia, ndege za mizigo huondoka Nairobi zikiwa zimesheheni maua ya waridi yaliyochumwa kandokando ya Ziwa Naivasha, zikielekea Uholanzi na masoko mengine ya Ulaya. Kwa wanunuzi wa ng'ambo, kutaja Naivasha ni kutaja maua. Hata hivyo, ua ambalo ziwa lenyewe lililea kabla ya shamba la kwanza la waridi kulimwa halimo katika shehena hizo, na ziwani kwenyewe limeadimika. Ua hilo ni yungiyungi la samawati.

Hadi miaka ya 1960, ghuba tulivu za Naivasha zilitandazwa majani mapana ya yungiyungi, huku maua yake yakichomoza juu ya maji kila asubuhi. Chini ya majani hayo kulikuwa na kichaka cha mimea iliyozama, na ukingoni ulisimama ukuta wa mafunjo. Safu hizo tatu ndizo zilizoyachuja maji ya mito Malewa na Gilgil kabla hayajafika katikati ya ziwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, safu mbili za kwanza zilikuwa zimetoweka katika sehemu kubwa ya ziwa, na ya tatu ilikuwa ikifyekwa.

Ukame haukuwa sababu kuu. Yungiyungi liliangamizwa na wageni walioingizwa majini, mmoja baada ya mwingine, na binadamu waliodhani wanaliboresha ziwa au ambao hawakudhani lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uliingia mmea unaoelea wenye asili ya Brazil, Salvinia molesta, ukatanda juu ya maji na kuyanyima mwangaza. Katika muongo uo huo alionekana koipu, panya mkubwa wa majini kutoka Amerika Kusini aliyetoroka kutoka kwa wafugaji wa wanyama wa manyoya, naye akawa anakula mimea ya ukingoni. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya kusini mwa Marekani, ili wavuliwe kwa ajili ya kitoweo na wawe chakula cha samaki. Gugumaji likafuata mwaka 1988. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaonekana samaki aitwaye kapu, ambaye hutafuta chakula kwa kuchimbua matope na kuing'oa mimea iliyoshika humo.

Kati ya wote hao, kamba ndiye aliyetia hasara kubwa zaidi kwa yungiyungi. Mdudu huyu wa magamba hula karibu kila kitu: mizoga, konokono, mayai ya samaki, mbegu na machipukizi. Kikonyo kichanga cha yungiyungi, kabla hakijafika juu ya maji, ni laini kama mchicha, na kamba hukikata. Watafiti waliolifuatilia ziwa hilo kwa miaka mingi walibaini jambo la ajabu. Kila idadi ya kamba iliposhuka, mimea iliyozama ilichipuka upya, na kamba walipoongezeka mimea hiyo ikatoweka tena. Mbegu, basi, zilikuwa bado hai matopeni zikingoja nafasi. Yungiyungi, kwa upande wake, halikurejea kwa wingi ule wa awali.

Historia hii fupi inahitajika na yeyote anayekusudia kupanda maua ya majini, awe mwenye hoteli, mwalimu wa shule au mkulima mwenye bwawa nyuma ya nyumba. Ua la nchi kavu likipandwa mahali pasipo pake litakauka, na hasara itakuwa ya mwenye bustani peke yake. La majini likipandwa pasipo pake husafiri na mkondo, na bili hulipwa na watu wa chini ya mto.

UZURI ULIOGEUKA BALAA

Mfano ulio wazi zaidi ni gugumaji lenyewe. Wakenya wengi hulijua kama zulia la kijani linaloziba bandari ya Kisumu, na husahau kwamba lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake. Ni ua la kupendeza kwa kweli: zambarau hafifu, lenye doa la manjano lililozingirwa na samawati kwenye petali ya juu. Watu walilitoa kwao Amerika Kusini wakalipanda kwenye madimbwi ya bustani katika mabara mengine, nalo likatoroka.

Katika Ziwa Victoria liliripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera unatajwa kuwa mojawapo ya njia zilizolileta. Mwaka 1998, lilipofikia kilele chake, lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za maji katika Ghuba ya Winam. Mashua zilinaswa, samaki wakakosa oksijeni, na konokono wanaobeba kichocho wakapata makazi. Aina mbili za fukusi kutoka kwao gugumaji, walioachiliwa upande wa Kenya kuanzia mwaka 1997 na taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa KARI wakati huo, walisaidia kulipunguza, wakisaidiwa na mawimbi na hali ya hewa ya El Nino. Tangu hapo limepungua na kurejea mara kadhaa, kwa kuwa mbegu zake huweza kukaa matopeni miaka mingi zikiwa hai, na maji yaliyojaa mbolea na taka za miji hulilisha vizuri.

Gugumaji bado huonekana katika madimbwi ya bustani za watu wenye uwezo. Ni jambo la kushangaza kwamba nchi iliyotumia fedha nyingi kuling'oa Kisumu inaweza kulivumilia kwingineko kwa sababu tu limewekwa ndani ya chungu cha kupendeza.

YUNGIYUNGI LINAVYOFANYA KAZI

Yungiyungi la samawati, linaloitwa na wataalamu Nymphaea nouchali, ni mmea wa Kiafrika kwa asili, na huota pia katika sehemu za Asia. Humea kuanzia vidimbwi vya Pwani na delta ya mto Tana hadi maji ya nyanda za juu kama Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Wamisri wa kale walilithamini mno. Petali zake zilikutwa katika mashada ya maua ndani ya kaburi la mfalme Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922.

Ua hufunguka asubuhi na kujifunga alasiri, na hurudia hivyo kwa siku tatu au nne. Siku ya kwanza huwa la kike. Katikati yake huwa na kikombe kidogo cha majimaji, na mdudu anayetua akiwa na chavua ya ua jingine huteleza humo, chavua ikaoshwa na kubaki. Mara nyingine mdudu mdogo hufa maji papo hapo, gharama ambayo nyuki hawajaiona kuwa sababu ya kuacha kuja. Siku ya pili na ya tatu kikombe huwa kimekauka na ua hutoa chavua yake, sasa likiwa la kiume. Likisha kuchavushwa, kikonyo hujikunja na kulivuta tunda chini ya maji, ambako huiva na kupasuka. Mbegu huibuka zikiwa zimefungwa katika kitu kama ute, huelea kwa muda zikipeperushwa na upepo, kisha huzama mahali papya.

Faida yake kwa maji huanzia kwenye jani. Jani likitanda juu, mwangaza mchache ndio upenyao, na mwani unaoyafanya maji kuwa kama supu ya kijani hukosa nguvu. Maji ya chini hubaki na ubaridi, na samaki wachanga hujificha hapo wasionwe na ndege. Upande wa chini wa jani hutagiwa mayai na konokono na wadudu wengi. Mizizi nayo huyashika matope yasivurugwe na mawimbi, na mmea hunyonya naitrojeni na fosforasi ambazo zingeulisha mwani.

Ndege anayelitegemea zaidi ni sile-maua, mwenye vidole virefu kupita kiasi vinavyomwezesha kutembea juu ya majani bila kuzama. Dume ndiye hulalia mayai na kulea vifaranga, na hatari ikitokea huwabeba chini ya mabawa, miguu yao ikining'inia, huku jike akiwa ameshaenda kutafuta dume mwingine. Ndege huyu hujenga kiota chake chepesi juu ya mimea inayoelea. Palipong'olewa mayungiyungi na mimea kama hayo, sile-maua hana pa kukanyaga.

MAFUNJO, CHUJIO LA BURE

Wengi hawayahesabu mafunjo kuwa ua. Ukweli ni kwamba kile kichwa chake kama nywele zilizotimka ni shada la maua madogo mno yanayochavushwa na upepo. Mmea huu hufikia mita nne au tano kwa urefu na hukua kwa kasi inayoukaribia muwa. Shina lake la chini hutambaa na kufumana na mengine hadi likawa jamvi nene linaloweza kuelea, na mizizi yake hunasa mashapo na kunyonya mbolea iliyosombwa kutoka mashambani. Mabaki yakioza polepole majini, kaboni hubaki chini badala ya kupaa hewani.

Kinamasi cha Yala, penye mdomo wa mto Yala upande wa Siaya na Busia, ndicho ardhi oevu kubwa zaidi ya maji baridi nchini Kenya, chenye takriban hekta 17,500. Ndani yake limo Ziwa Kanyaboli. Humo ngege wa asili na jamii kadhaa za samaki wadogo waliokwisha kutoweka katika Ziwa Victoria wamesalia. Mbuta, samaki mlafi aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, hawezi kustahimili maji ya mafunjo yenye oksijeni kidogo, ilhali samaki wengi wa asili wanaweza. Katika vichaka hivyo huishi pia nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka kwa ajili ya kukanyaga matope, na ndege wachache ambao makao yao ni mafunjo tu. Nzohe huyo ndiye sababu ya kuanzishwa kwa Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa, karibu na Kitale, mwaka 1974. Ina takriban kilomita tatu za mraba, na ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini.

Kuna dhana iliyoenea kwamba kinamasi ni kiwanda cha mbu na kwamba kukifyeka ni kuwaokoa watoto na malaria. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2000, uliikosoa dhana hiyo. Vijiji vilivyopakana na vinamasi vilivyofyekwa na kulimwa vilikuwa na joto zaidi kuliko vile vilivyopakana na mafunjo ya asili, na joto hilo liliambatana na ongezeko la mbu waenezao malaria. Sababu yake si vigumu kuielewa. Mbu hatari zaidi wa malaria barani Afrika hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vilivyo wazi na kupigwa na jua, kama alama ya kwato au mtaro wa shamba. Maji yenye kivuli, mimea na wanyama walao viluwiluwi hayamfai.

Kwa wale wasioshawishika mpaka wasikie habari ya fedha, mfano wa Kampala unatosha. Kinamasi cha Nakivubo kilichuja kwa miaka mingi maji machafu ya mji huo kabla hayajaingia Ziwa Victoria. Tathmini iliyofanywa mwaka 1999 ilikadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni moja na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Jijini Nairobi, maji machafu ya mkahawa mmoja mashuhuri na bustani ya michezo ya maji iliyo karibu nao yalianza mwaka 1994 kusafishwa kwa ardhi oevu ya kutengenezwa, iliyopandwa mimea ya majini. Baadhi ya mashamba makubwa ya maua ya Naivasha pia yamejenga vinamasi vya namna hiyo ili kuyachuja maji yao kabla ya kuyatoa.

YALE YA UKINGONI

Si kila ua la ardhi oevu husimama ndani ya maji. Mengi yanataka tu udongo usiokauka. Mojawapo lililo rahisi kuotesha ni Hibiscus diversifolius, jamaa ya bamia, lenye ua la manjano na kitovu cha zambarau iliyokoza. Humea ukingoni mwa vinamasi, na miiba yake midogo huwazuia mbuzi na watoto kwa kiasi, sifa ambayo mwenye bustani ataithamini. Katika nyanda za juu kuna Kniphofia thomsonii, ua lenye umbo la mwenge na rangi ya moto, linalopenda nyasi zenye maji na kingo za vijito. Ndege aitwaye chozi hufuata nekta yake na kulichavusha. Penye kivuli cha misitu ya baridi huota Impatiens tinctoria, ua jeupe lenye wekundu katikati. Juu ya maji yaliyotulia, mahali penye joto, Nymphoides indica hutoa maua madogo meupe yenye nyuzinyuzi pembeni, na hufaa kidimbwi ambacho ni kidogo mno kwa yungiyungi.

Yapo pia maua ambayo Wakenya huyadhania kuwa ya kienyeji kwa sababu yamezoeleka. Kala nyeupe, ile inayouzwa kwa ajili ya harusi na mazishi na ambayo imejaa kando ya vijito vya nyanda za juu, ni ya kusini mwa Afrika. Jina lake la kisayansi, Zantedeschia aethiopica, limewapotosha watu wengi wanaodhani lilitoka Ethiopia. Kana, zenye maua mekundu na manjano, ni za bara la Amerika. Zote mbili zinaweza kusafisha maji, na kana hutumiwa mara nyingi katika vinamasi vya kutengenezwa. Hata hivyo, mtu anayepanda kwa nia ya kuwarejeshea ndege, vipepeo na nyuki wa hapa mahali pao afadhali aziweke kando.

Kuhusu mikaratusi, jambo lenyewe lilikwisha kujadiliwa hadharani. Mwaka 2009, Waziri wa Mazingira wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza miti hiyo ing'olewe kando ya mito na kwenye ardhi oevu kwa kuwa hunywa maji mengi. Agizo halikutekelezwa kila mahali, na ipo mikaratusi mingi inayoendelea kusimama penye chemchemi.

SHERIA KWANZA, JEMBE BAADAYE

Watu wenye nia njema hukosea hapa zaidi ya pengine popote. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu cha 42, inakataza mtu kupanda au kuingiza mmea wowote katika mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Katazo hilo halibagui: linahusu mimea ya kigeni na ya kienyeji vilevile. Kifungu hicho hicho kinakataza kuchimba au kukausha maeneo hayo bila idhini, na kanuni za mwaka 2009 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito zikaongeza masharti. Kikundi cha vijana kinachotaka kurejesha mayungiyungi katika kinamasi cha umma, kama kile cha Ondiri kilichoko Kikuyu, ambacho ni chanzo cha mto Nairobi, hakina budi kupitia NEMA na afisi ya kaunti kabla ya kutia kiazi kimoja majini.

Kidimbwi cha nyumbani kilichochimbwa nchi kavu na kujazwa maji ya mvua kutoka paani ni habari nyingine. Kisipounganishwa na mto au kinamasi, hapo ndipo mahali salama pa kuanzia. Hata beseni kubwa au nusu ya pipa linaloshika lita 100 na zaidi linatosha yungiyungi moja.

Mahali pa kuliweka pawe penye jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kila siku, mbali na miti inayopukutisha majani. Pasipo na jua la kutosha patatoka majani pasitoke ua. Kina cha sentimita 60 hadi 90 katikati ni kizuri, na ukingo mmoja uachwe na mteremko ili chura aweze kutoka na nyuki wapate pa kutua wanywe. Udongo unaovuja hutandazwa karatasi nzito ya plastiki kama ile ya mabwawa ya kunyunyizia mashamba. Jambo la kukumbukwa na mwenye watoto wadogo au jirani mwenye watoto ni kuweka ua wa kuzunguka kidimbwi tangu siku ya kwanza, kwani maji ya kina cha goti yanatosha kumzamisha mtoto.

Udongo wa kupandia uwe mzito, wa mfinyanzi, usiochanganywa na samadi. Wapandaji wapya huharibu hapa. Hudhani mmea wa majini unahitaji mbolea kama sukuma wiki, wakatia kinyesi cha ng'ombe kibichi, na baada ya wiki mbili maji yakawa kijani kibichi yakinuka. Kiazi cha yungiyungi hupandwa katika chombo kipana, chipukizi likiachwa wazi juu ya udongo, kisha changarawe ikatandazwa pembeni ili udongo usielee. Chombo huanzia kwenye maji ya kina kifupi, kiganja kimoja hivi juu ya chipukizi, na husogezwa chini polepole kadiri vikonyo vinavyorefuka.

Anayeanza na mbegu anahitaji subira zaidi, ingawa njia hii ndiyo isiyodhuru ziwa wala kinamasi. Tunda hufungwa kwa kipande cha kitambaa chepesi likiwa bado chini ya maji ili mbegu zisitawanyike linapopasuka. Hupandwa mara moja, bila kuanikwa, juu ya matope laini katika karai lenye maji ya vidole viwili na kuwekwa mahali penye joto. Miche ikitoa majani yanayoelea, hutengwa kila mmoja na chombo chake. Katika maeneo ya baridi kama Limuru mambo huenda taratibu kuliko Kisumu au Malindi, na pengine ua la kwanza halitaonekana mwaka wa kwanza. Kung'oa viazi kutoka kinamasi cha asili hakufai kabisa, na ndani ya mbuga na hifadhi ni kosa kisheria. Mbegu za tunda moja, zilizochukuliwa kwa ruhusa ya mwenye ardhi, hutoa miche mingi kuliko inayohitajika.

Mafunjo huoteshwa kwa kukata kipande cha shina la chini chenye chipukizi moja au zaidi. Yapandwe ndani ya chombo imara kisicho na tundu, la sivyo yatatwaa kidimbwi kizima kabla ya miaka miwili kwisha. Mashina yaliyozeeka hukatwa karibu na maji. Ukataji huo una maana yake, kwani mbolea iliyonyonywa na mmea hurudi majini shina linapooza humo, na haiondoki mpaka shina litolewe nje. Kina mama wa kandokando ya Ziwa Victoria, wanaovuna mafunjo kwa ajili ya mikeka na kuezekea, wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu kabla ya wahandisi wa maji taka kuipatia jina.

Majani ya yungiyungi yasiachwe kufunika zaidi ya theluthi mbili za maji. Yakizidi, ya zamani yapunguzwe, ama sivyo maji yatakosa hewa usiku. Kuhusu mbu, kidimbwi kipya ndicho cha kuchungwa, kwa sababu wiki za mwanzo hakina adui wa viluwiluwi. Kereng'ende huja wenyewe mimea ikisimama, na watoto wao waishio majini ni walaji hodari wa viluwiluwi. Vyura nao hawachelewi. Hadi watakapofika, ngege wachache wachanga watafanya kazi hiyo, ila waondolewe wakikua kwa sababu huchimba viota matopeni na kuvuruga mizizi. Kapu na kamba wekundu wasikaribishwe kwa hali yoyote, hata wakitolewa bure. Dawa za kuua wadudu au magugu zisinyunyiziwe karibu, kwani zitawaua kereng'ende kabla ya mbu.

Kila mwaka au miwili chombo hujaa, na yungiyungi hutoa maua machache. Hapo kiazi hutolewa wakati mmea umepumzika, vipande vipya vikapandwa na vingine wakapewa majirani. Majani, mizizi na matope yanayobaki hurundikwa shimoni pamoja na mboji, mbali na mtaro wowote, na kuachwa yakauke kabisa kabla ya kutumiwa shambani. Yasimwagwe mtoni, hata ikiwa mmea ni wa kienyeji, kwa kuwa mayai ya konokono na vipande vya magugu vilivyojishikiza humo havionekani kwa macho mpaka vimeshasafiri.